Ndoo ilitolewa mara mbili: vile ngwatio iliokoa ofisi yetu ya Thika

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi huwa msomaji wa kimya humu ndani, napitia nyuzi zenu, nacheka peke yangu, naondoka. Leo nimekuja kujisifu.

Nasema mapema ndio kama hupendi kusikia mtu akiringa urudi ulikotoka, hatutakosana. Nitakayosema yote yalitokea, na wahusika wako hai, wengine wamo humu humu. Nimebadilisha majina tu. Kampuni sitaitaja hata mnibembeleze kwa inbox.

Haya.

Sisi hutengeneza system ya maziwa. Mkulima analeta maziwa kituoni asubuhi, yanamiminwa kwa ndoo ya kupimia, ndoo inawekwa juu ya mizani, mizani inatuma kilo kwa system yetu, na mkulima anapata SMS kabla hajafika kwa gate yake. Wateja wetu ni vyama vya wakulima. Hiyo kazi usiione ndogo. Mkulima akiacha kuamini kilo zako, umekwisha.

Ofisi ni mbili. Ya Ruiru ndio ya kuandika code, na iko juu ya duka la hardware, kwa hivyo tumezoea kuongea kwa kelele kushinda mtu wa kukata mabati. Ya Thika iko Ngoingwa, ni nyumba ya kawaida tulikodi tukaifanya ofisi, na ina watu wachache wa support. Hao ndio huamka mapema kwenda vituoni, ndio hupigiwa simu mizani ikigoma, ndio wakulima wanawajua kwa majina.

Mimi niko Ruiru. Niite Nyambura. Nilifanywa team lead wakati hakuna mtu mwingine alikuwa anaitaka hiyo kazi, na mtaona ni kwa nini.

Code yetu ilikuwa imechoka.

Kulikuwa na file moja ya mizani, ndio moyo wa system yote, na kila mtu alikuwa anaiita Kaburi. Juu kabisa imeandikwa: USIGUSE, ULIZA KARIUKI. Kariuki ndiye developer wetu wa kwanza, alianza na boss kabla hatujapata hata viti vya kutosha. Ukigusa Kaburi hapa, kitu kinakufa kule. Basi hatukugusa. Tuliandika mambo pembeni, tukazunguka, tukabandika kiraka juu ya kiraka. Kubadilisha button moja ilikuwa kazi ya wiki na maombi.

Kwa wale hawako kwa hii kazi, hiyo ndio tunaita technical debt, deni la kiufundi. Ni kama vyombo kwa sink. Leo unaacha sufuria moja unasema utaosha kesho. Baada ya wiki huwezi kupata kijiko cha kukoroga chai bila kuhamisha mlima.

Hilo kila mtu wa tech analijua. Kuna lingine halisemwi sana, deni la watu. Mnakosana kidogo, hamsemi, mnaendelea na kazi. Mnakosana tena. Mwishowe kuna mtu huwezi kumuuliza swali hata kama jibu analo yeye peke yake.

Letu lilianza na mbuzi.

Si mbuzi wa kuchinja, ni sticker. Anayeongoza ofisi ya Thika anaitwa Mueni, mama wa kutoka Matuu, hana mchezo na kazi. Siku moja aliandika kwa group ya WhatsApp ya kampuni kwamba mizani mpya zinahesabu ndoo kama maziwa. Yaani system haitoi uzito wa ndoo. Alieleza vizuri, akaweka na picha.

Kariuki akamjibu na sticker ya mbuzi amevaa miwani.

Hiyo tu, hakuna neno. Watu wa Ruiru wakamwaga emoji za kucheka. Najua Kariuki hakuwa na ubaya, hiyo sticker alikuwa anawatumia watu wote, hata mamake. Lakini Mueni angejuaje? Yeye aliona ameleta jambo la kazi mbele ya kampuni nzima, na ameitwa mbuzi.

Hakuandika tena kwa hiyo group. Hata birthday ya boss ilipita bila yeye kusema neno. Na watu wake wakafuata mkia. Wakawa wanasoma na kunyamaza.

Sasa songeni mbele miezi kadhaa.

Asubuhi moja boss wetu, tumuite Director, anatuita sote wa Ruiru. Anaongea akiwa amesimama. Director akikataa kukaa chini, jua kumeharibika.

Anasema chama chetu kikubwa kuliko vyote kinataka kutuacha. Wakulima wanapima maziwa nyumbani, wakifika kituoni SMS inasema kilo zimepungua. Kila mtu, kila siku. Wameanza kuambiana kwamba wanaibiwa na kompyuta.

"Ni hawa watu wa Thika," akasema. "Kuna kitu wanachezea huko. Mwisho wa mwezi nafunga hiyo ofisi. Na hii system tunatupa, tunaandika ingine kutoka mwanzo."

Wakuu, mimi nawajua wale watu. Nikiwa mgeni kwa hii kazi, Mueni ndiye alinizungusha vituo vyote na kunipa gumboots zake mwenyewe, yeye akatembea na viatu kwa matope. Na sasa anafutwa kazi na mtu amesimama, bila hata kuulizwa.

Nikamwambia Director anipe mpaka huo mwisho wa mwezi nitafute shida iko wapi.

Akaniuliza, "Nyambura, wewe unatetea watu ama unatetea system?"

Nikamjibu, "Hiyo ni kitu moja."

Aki nilisema haraka kabla sijajua namaanisha nini. Lakini mpaka leo najivunia hilo jibu.

Kesho yake nikaenda Ngoingwa. Sikutuma email, sikuita meeting. Nilifika nikabisha.

Mueni akafungua. "Karibu, madam."

Madam! Mtu aliyenivalisha gumboots ananiita madam. Nikaletewa chai, nikawekewa kiti, na hakuna mtu alikaa karibu nami. Wueh, hiyo chai ilikuwa tamu na bado ilinishinda kumeza.

Laptop sikuitoa kwa bag. Nilimuuliza tu, "Zile gumboots bado ziko?"

Akaangalia miguu yangu. "Ziko. Lakini umekonda, zitakupwaya."

Hapo nikajua mlango haujafungwa kabisa.

Tukaenda kituoni pamoja, huko Gatanga. Mwenyekiti wa wakulima mwenyewe alikuwa hapo na maziwa yake, mama mmoja anaitwa Mama Kui. Kuniona tu akaanza. "Nyinyi wa kompyuta! Kwani siku hizi ng'ombe yangu inakamuliwa na simu?" Foleni yote ikacheka. Mimi nikacheka kidogo, kwa adabu.

Maziwa yake yakamiminwa, yakapimwa. Nikasoma mizani. SMS ikaingia, nikasoma SMS. Nikaomba ndoo ikiwa tupu, nikaiweka juu ya mizani, nikapiga hesabu. Nikarudia na mkulima wa nyuma yake. Nikarudia tena.

Nikamuita Mueni. "Kuja uone. Hapa hakujatolewa ndoo moja. Kumetolewa mbili."

Mueni akasema polepole, "Moja ni yangu."

Kumbe baada ya ile mbuzi, aliona hakuna mtu Ruiru atarekebisha. Kiwanda kinachonunua maziwa ya chama kinalia kinalipia ndoo kama maziwa, na yeye ndiye anapigiwa simu. Basi akaketi na watu wake, wakaandika kiprogramu kidogo kwenye kompyuta ya Thika, kinatoa uzito wa ndoo kabla data haijatumwa Ruiru. Kikafanya kazi vizuri kabisa.

"Na hukuambia mtu?"

"Ningeambia nani? Mbuzi?"

Nikapigia Kariuki simu papo hapo, nikaweka loudspeaker. Nikamuuliza kama amewahi kugusa Kaburi, hapo kwa mambo ya ndoo.

"Eeh, niligusa," akasema. "Nilikuwa napitia code nikaona Mueni alikuwa anasema ukweli. Nikarekebisha kimya kimya."

"Na hukusema?"

"Niseme wapi? Watu wa Thika hawajibu kitu. Wanasoma wanakuachia blue tick. Nikaona si lazima nijipendekeze."

Mueni alikuwa anasikia kila neno. Mama Kui pia alikuwa anasikia. Huyo mama akaweka mikono kiunoni.

"Ngoja nielewe. Huyu alitoa ndoo."

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa simu pia akatoa ndoo."

"Ndiyo."

"Na hamkuulizana."

"Hapana, mama."

"Haiya!" Alicheka mpaka akashika mizani asianguke. Halafu akaacha kucheka ghafla. "Sasa kilo zangu ziko wapi?"

Nikamwambia zitarudi zote, za kila mkulima, kwa sababu vipimo vya kwanza, kabla ya kutolewa ndoo yoyote, tulikuwa tumevihifadhi. Nikamwambia pia atatusikia tukisema hivyo mbele ya wakulima wote, si kwa SMS.

Wakuu wa tech, hapo tulieni kidogo. Code ya Mueni ilikuwa sawa. Code ya Kariuki ilikuwa sawa. Ungezipima moja moja zote zingepita. Kitu kilichoharibika ni watu wawili wazuri kukataa kuongea, na mama wa Gatanga akakosa kilo zake.

Ningefuta mstari mmoja niende nyumbani. Lakini wa nani? Mueni anasema Kariuki atoe yake kwa sababu yeye Mueni ndiye alianza kutoa ndoo. Kariuki anasema ya Thika ndio itoke kwa sababu yeye ndiye mwenye system. Watu wawili wakiwa wamekosea, kuwapatanisha ni rahisi. Hawa wote walikuwa wamepatia, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu.

Na Director alikuwa anangoja jina la mtu wa kulaumu.

Nikirudi Ruiru, njiani hapo Witeithie, nikamkumbuka cucu, yaani nyanya yangu, na ngwatio. Kwa wale si wa huku, ngwatio ni vile akina mama wa mtaa huungana kulima. Leo wote wanaingia kwa shamba lako na majembe, wiki ijayo kwa langu, wiki ingine kwa la jirani. Mwenye shamba ndiye hupika. Na hakuna mtu hucheka magugu yako, kwa sababu zamu ikifika kwake utayaona yake.

Nikasema, manze, si hii ndio dawa? Tulime code kwa zamu, Ruiru na Thika pamoja.

Kwa Director niliingia nimejiandaa.

"Nipe jina," akasema, akiwa amesimama.

"Ndoo."

Hakucheka. Nikamweleza yote, mbuzi, blue tick, na hiyo ngwatio. Nikamwambia, "Ukifunga Thika tuandike system mpya na watu bado hawaongei, tutatoa ndoo mara tatu."

Director akavuta kiti akakaa chini.

Kariuki ndiye alinisumbua. "Mnataka kunianika," akaniambia, na macho yamekuwa mekundu. "Watu wote waingie kwa code yangu waanze kunionyesha vidole?"

Nikamuuliza, "Utapika nini?"

"Ati?"

"Mwenye shamba hupika. Utapika nini?"

Akakaa. "Pilau," akasema, kama mtu ametekwa.

Ngwatio ya kwanza ikawa Ruiru, kwa shamba la Kariuki, yaani Kaburi. Watu wa Thika wakaja. Wakakaa upande wao, sisi upande wetu, katikati hotpot ya pilau. Pilau yenyewe ilikuwa imeungua chini na chumvi ameisahau, lakini alikuwa ameamka akapika mwenyewe, hiyo nampa.

Tukaweka code ukutani na projector. Sharti lilikuwa moja: Kariuki asome kila kipande kwa sauti, na aseme kinafanya nini kwa maneno ambayo Mueni anaweza kumwambia mkulima. Kikieleweka kinabaki. Kisipoeleweka, tunalima.

Akasoma. Kuna mahali alisimama kabisa. Watu wakangoja. Chini mtu wa mabati naye akanyamaza, sijui aliambiwa na nani.

"Hapa sijui niliandika hivi kwa nini," akasema. "Nilikuwa developer peke yangu. Mteja ameahidiwa demo. Niliogopa, na hakukuwa na mtu wa kuuliza. Ndio nikaandika usiguse."

Hiyo sauti sikuwa nimewahi kuisikia kwa Kariuki. Miaka yote tulidhani ile USIGUSE ni ya kiburi. Kumbe ilikuwa ya woga.

Mueni ndiye alijibu. "Si hapo ni kwa ajili ya zile mizani za kwanza? Zilikuwa zinatikisika kabla zitulie."

"Eeh!" Kariuki akaruka. "Nilikuwa nangoja zitulie! Na hizo mizani zilienda wapi?"

"Tulizitoa zote kitambo."

Basi hiyo sehemu nzima ya code ilikuwa inangojea mizani ambazo haziko duniani. Tukaifuta wote tukipiga makofi. Kaburi likapumua.

Halafu Kariuki akasema, bila kuangalia mtu, "Mueni, ile mbuzi. Sikuwa nakucheka."

"Ulinicheka."

Kariuki akageuka, akamwangalia.

"Sawa. Nilikucheka. Nisamehe."

Mueni akachukua sahani yake, akajiongezea pilau. "Next time weka chumvi."

Wakaketi kwa keyboard moja, hao wawili, wakatoa ndoo ya Thika, wakatoa ndoo ya Ruiru, wakaiandika mahali pamoja. Yale maneno ya USIGUSE wakayafuta. Mimi nikatoka nje kwa balcony nikalia kidogo, na sioni aibu kusema.

Jumamosi tukaenda kwa wakulima, uwanja wa kanisa. Kariuki na Mueni walisimama pamoja mbele. Mmoja akaeleza kwa Kikuyu, mwingine kwa Kiswahili, kila mtu akisema ndoo yake. Kuna mzee aliuliza kwa ukali tutaaminiwa vipi tena, na alikuwa na haki. Mama Kui akainuka akasema amekaa kwa hiki chama muda mrefu, ameletewa kila aina ya hasara, na hajawahi kuona mwenye makosa akija na miguu yake kujieleza. Chama kikabaki na sisi.

Wiki iliyofuata ngwatio ikawa Thika. Mueni alipika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na alikuwa na magugu yake pia, msidhani ni malaika. Viprogramu vya pembeni vilikuwa vimejaa kwa ile kompyuta kama panya. Hakuna mtu alicheka. Sawa, tulicheka kidogo, lakini naye alikuwa anacheka.

Sitawadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Jamaa mmoja wa Ruiru alisema hiki ni chama cha akina mama, akatafuta kazi kwingine. Tulimuaga vizuri, na keki.

Mwisho wa mwezi ukafika, ile siku ya kufunga ofisi. Mueni alikuwa amemwambia Director kwa simu, hivi hivi bila kuogopa, "Hata wewe una shamba." Na ni kweli. Yeye ndiye alikuwa anaahidi wateja vitu bila kutuuliza, halafu watu kama Kariuki wanaandika wakitetemeka. Nusu ya Kaburi mbegu zilikuwa zake.

Tulikuwa tumekaa Ngoingwa tunamngoja. Gari ikaingia. Director akafungua boot.

Mbuzi. Mzima, anapumua, anatuangalia.

"Si mwenye shamba ndiye hupika?" akasema.

Mueni alipiga huyo mbuzi picha, akamvalisha miwani yake ya kusomea, akapiga ingine. Akaiweka kwa group akamtag Kariuki. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa hiyo group tangu ile siku.

Director alikaa chini siku yote. Alisikiliza mambo magumu, mengine kutoka kwangu, na alimeza. Jioni akiondoka akamwambia Mueni atafute mtu wa kuandika signboard, kwa sababu ofisi haiwezi kukaa miaka yote bila jina nje. Hivyo ndivyo tulijua haifungwi.

Funzo langu ni hili. Ukiona code imeoza, kabla ya kuitupa uandike ingine, uliza nani na nani hawaongei. Anzia hapo. Na mwenye file ya kuogofya usimtishe, mwambie apike.

Juzi tu, Mueni ameandika kwa group: "Kariuki, mizani ya kituo cha chini inasoma vibaya."

Nikangoja mbuzi. Mazoea.

Kariuki akajibu neno moja: "Nakuja."

Nikasikia kiti chake kikisukumwa. Akainama chini ya meza yake, akatoa gumboots. Mpya kabisa, bado zina karatasi ya bei.

Haya, nimemaliza kuringa. Kwa ofisi yenu Kaburi ni gani, na ni nani alikoma kuongea na nani? Mwageni hapa chini tusaidiane kulima. Na ukinijibu na sticker ya mbuzi, basi nitajua umesoma mpaka mwisho.